Ukienda kwa Wenye Chongo na Kotlin Mkononi

Bosi akirudi kutoka kwenye kongamano, wafanyakazi wajifunge vibwebwe. Wetu alirudi na begi la kitenge lenye nembo za wadhamini, chupa ya maji isiyopoteza baridi, na neno moja jipya. Begi alimpa mkewe, chupa akaiweka mezani kwake, na neno akatupa sisi. Neno lenyewe ni Kotlin.

"Jamani, Java imezeeka," alisema kwenye kikao cha Jumatatu, kumbukumbu za kikao kilichopita hazijasomwa hata ukurasa. "Google wenyewe wameshahamia Kotlin."

Hakudanganya. Mwaka 2017 Google walitangaza kwamba Kotlin ni lugha rasmi ya kuandikia programu za Android, na 2019 wakaipa nafasi ya kwanza. Ila Google walikuwa wanazungumzia simu. Sisi simu hatuzigusi. Kazi yetu ni komponenti za upande wa seva, yaani vile vipande vya programu ambavyo hakuna binadamu anayeviona mpaka siku vinapokufa. Kimoja kinakokotoa riba, kingine kinakata marejesho ya mkopo kwenye mshahara, kingine kinatuma risiti usiku. Mteja wetu mkubwa ni Saccos ya wafanyakazi. Mfumo ukienda vizuri, hakuna anayejua kama upo. Ukikwama, akina mama wa uhasibu wanakujua kwa jina, kwa ubini na kwa kabila.

Ofisini tulikuwa na mtu mzima mmoja ambaye wote tulimwita Mzee wa Seva. Alianza kazi hii enzi za Enterprise JavaBeans (EJB) ya pili, na ukitaka kumwona mtu anatetemeka bila homa, mtajie mwaka 2001. Vijana wa leo hawajui walichokosa. Utaratibu huo ulibuniwa IBM, ukachukuliwa na Sun Microsystems, na toleo la kwanza likatoka 1998. Nia ilikuwa njema kabisa: mwandishi wa programu aandike hesabu za biashara tu, na mambo ya usalama, miamala na foleni za watumiaji yashughulikiwe na kontena. Kontena ni ile programu kubwa inayokaa kwenye seva na kuzilea komponenti zako.

Malezi hayo yalikuwa na masharti. Ili upate huduma moja ya kukokotoa riba, uliandika kiolesura cha nyumbani, kiolesura cha mbali, klasi yenyewe, halafu faili la XML la kuwatambulisha wote watatu kwa kontena kana kwamba hawajawahi kuonana. Ndani ya klasi ilibidi ziwepo metodi za ejbActivate, ejbPassivate, ejbRemove na setSessionContext, hata kama ndani yake hamna kitu. Mzee wa Seva alishaandika metodi tupu nyingi kuliko zenye kazi. Anasema alikuwa analipwa mshahara kamili kwa mabano.

Malalamiko yalipozidi, Rod Johnson aliandika kitabu mwaka 2002 kuonyesha kwamba mambo yaleyale yanawezekana bila mateso hayo, na humo ikachipuka fremu iitwayo Spring. Wenye EJB nao wakajirudi. Toleo la 3.0 la mwaka 2006 lilifuta karibu urasimu wote: unaandika klasi ya kawaida na kiolesura kimoja cha kawaida, unabandika anotesheni ya @Stateless juu ya klasi, umemaliza. Kwa hiyo Mzee wa Seva aliposikia Java imezeeka, hakubisha. Alimimina chai, akachovya andazi, akauliza kwa upole:

"Sasa vijana, nani aliwaambia tatizo lilikuwa lugha?"

Hakuna aliyemjibu. Tulidhani ni swali la kizee.

Jambo lililotutia moyo lilikuwa la kweli. Mashine pepe ya Java haijui Java. Inajua baitikodi, ile lugha ya chini ambayo kompaila huitoa baada ya kutafuna ulichoandika. Lugha yoyote inayoweza kutoa baitikodi inapokelewa. Ndiyo maana mlango huo umepitiwa na wengi: Groovy, Scala iliyozaliwa Uswisi mikononi mwa Martin Odersky, Clojure ya Rich Hickey, Jython kwa wapenzi wa Python. Kotlin ilitangazwa 2011 na kampuni ya JetBrains, toleo la kwanza kamili likatoka Februari 2016. Jina ni la kisiwa kilicho karibu na St. Petersburg, kwa kuwa Java nayo ni kisiwa. Red Hat nao walitoa lugha yao wakaiita Ceylon, kisiwa tena. Kwa mwendo huo nasubiri siku watakapofika kwetu waokote Mafia. Nitakuwa wa kwanza kuisoma, ingawa sijui bosi atamwandikiaje mteja ankara ya "mfumo ulioandikwa kwa Mafia".

Siku za mwanzo zilikuwa za asali. Klasi ya mwanachama kwa Java ilijaa ukurasa: jina, namba, simu, na kila kimoja na metodi yake ya kusoma na metodi yake ya kuandika. Kwa Kotlin klasi hiyohiyo ilikuwa mstari mmoja. Bosi alichapisha zote mbili akazibandika ukutani, ndefu kushoto, fupi kulia. Kila mgeni aliyeingia alisimamishwa pale akaelezwa jinsi kampuni ilivyookoa karatasi.

Kisha tukawasha seva.

Kabla sijaeleza kilichotokea, lazima nimtambulishe mtu muhimu kuliko wote kwenye seva, na huyo ni mshenga. Ukiandika komponenti ukaikabidhi kwa kontena, mteja haongei nayo uso kwa uso. Kontena linatengeneza klasi nyingine inayorithi ya kwako, linaisimamisha mlangoni, na ombi lolote linapita kwake kwanza. Yeye ndiye anayekagua kama mwombaji ana ruhusa. Yeye anafungua muamala kwenye hifadhidata, kisha anaingia ndani kukuuliza wewe jibu. Ukishindwa katikati, yeye anafuta yote yaliyoandikwa, ili pesa isitoke huku bila kufika kule. Mambo yote mazuri unayoyasikia kuhusu programu za makampuni makubwa yamo mikononi mwa mshenga.

Ila mshenga ana sharti moja: lazima aweze kuirithi klasi yako na kuandika upya kila metodi yako. Hapo ndipo Kotlin na kontena walipokutana wakatazamana. Katika Java, klasi iko wazi kurithiwa mpaka wewe useme imefungwa. Katika Kotlin, klasi imefungwa mpaka wewe useme iko wazi kwa kuandika neno open. Waliobuni hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Walifuata ushauri wa Joshua Bloch katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, kwamba klasi ambayo haikuandaliwa kurithiwa ni heri izuiwe. Ushauri mzuri sana, na kontena halikuwahi kuusoma.

Basi seva ilikataa kuwaka. Ililalamika kwenye logi kwamba klasi imefungwa na haiwezi kuwekewa mwakilishi. Kijana mmoja wa timu, mwepesi wa vidole, akaongeza open mbele ya kila klasi. Seva ikawaka, taa za kijani. Bosi akaagiza soda.

Chupa hazijaisha gesi, Saccos wakapiga simu: kila anayebonyeza "Angalia salio la mkopo" anapata kosa. Tukafungua logi, tukakuta kitu ambacho kwenye Kotlin hakikupaswa kuwepo: NullPointerException.

Msomaji asiye wa fani hii anivumilie kidogo. Mwaka 1965 Mwingereza Tony Hoare, akiwa kwenye kazi ya lugha ya ALGOL W, aliweka humo rejeo tupu, yaani kielekezo kisichoelekeza popote, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliweka. Mwaka 2009 alisimama mbele ya watu akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Sifa kubwa ya Kotlin, ile inayotajwa kwenye kila kongamano, ni kwamba utupu huo umedhibitiwa: ukisema kitu kipo, kompaila inahakikisha kipo. Daftari letu la mikopo lilitangazwa kwamba lipo. Kompaila ilikubali kwamba lipo. Logi ikasema halipo.

Mzee wa Seva alisogeza kiti, akavaa miwani, akasoma mistari michache tu akaanza kucheka peke yake.

"Mmefungua klasi," alisema. "Metodi je?"

Kumbe Kotlin inafunga pia kila metodi iliyomo ndani, moja moja. Klasi ilikuwa wazi, kwa hiyo mshenga alipata kuzaliwa. Metodi zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuweza kuziandika upya ili apeleke ombi ndani. Mteja alipomwuliza, "Salio la huyu ni kiasi gani?" mshenga hakwenda kumwuliza bwana harusi. Alijibu yeye mwenyewe, kwa mifuko yake mwenyewe. Na mifuko ya mshenga ni mitupu, kwa sababu kontena letu linamwumba bila kumpitisha kwenye konstrakta inayogawa madaftari. Mtu katumwa kuposa, akaulizwa ana nyumba ngapi, akataja zake.

Kompaila haikuwa na hatia. Iliahidi juu ya klasi tuliyoandika sisi. Huyu aliyezaliwa usiku na kontena haikuwahi kumwona.

Tukaongeza open kwenye metodi. Msimbo ukaanza kufanana na mtaa uliojaa vibao vya "TUKO WAZI". Ule ukurasa wa kulia pale ukutani ukawa haufanani tena na kilichomo kwenye seva, lakini nani angemwambia bosi.

Balaa kubwa lilikuja na jambo dogo zaidi. Katika Saccos kuna mwanachama hai, yule anayetoa michango yake bila kukatiza, na kuna asiye hai, aliyeacha kuchangia. Kwenye msimbo sisi watu wa Dar tunachanganya lugha bila haya, kwa hiyo alama hiyo iliitwa isHai. Programu ya simu, iliyotengenezwa zamani na watu wengine ambao mkataba wao ulishakwisha, ilikuwa inasubiri neno hilohilo kutoka kwenye seva: isHai, ndiyo au hapana. Kwenye mfumo wa zamani jina hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwa anotesheni. Kwenye mfumo mpya hakuna aliyeona haja, kwa sababu mbele ya macho yetu wote kitu kinaitwa isHai.

Kompaila ya Kotlin ikikutana na alama inayoanza na "is", inatengeneza metodi ya kusoma iitwayo isHai na ya kuandika iitwayo setHai. Maktaba inayogeuza data kuwa JSON ni ya mila za Java. Ikiona metodi inayoanza na "is", inakata hiyo "is" na kubakiza jina. Seva ikawa inatuma "hai". Simu ikawa inatafuta "isHai", isiipate, na kwa busara zake ikachukulia kwamba jibu ni hapana.

Asubuhi ile wanachama wote wa Saccos walifungua simu zao wakakuta maandishi mekundu: HALI YAKO: SI HAI.

Simu ya kwanza niliipokea mimi.

"Halo, hapo ni kwa watu wa kompyuta?"

"Ndiyo. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nieleze, mimi nimekufa lini?"

"Hujafa mama. Ni mfumo tu."

"Mfumo umeandika si hai, kwa rangi nyekundu. Na mume wangu yuko hapa, ameshasoma, sasa ananiuliza mrithi wa akiba zangu nilimwandika nani."

"Pole sana mama."

"Pole ya msiba au pole ya mfumo?"

Nilimhakikishia kwamba ni ya mfumo. Akasema basi tuharakishe, maana mwanaume anaanza kuuliza na mahali zilipo hati za kiwanja.

Baada yake wakaja wengine. Katibu wa Saccos aliuliza kama kamati ya maafa ianze kuchangisha, na ikiwa ndiyo, ichangishe kwa nani, kwa kuwa wachangaji wote ni marehemu. Mwenyekiti alipiga akisema yeye hana shida binafsi, anataka tu kujua kama maamuzi aliyosaini asubuhi hiyo yana nguvu kisheria. Lakini simu ninayoikumbuka ni ya mwanachama mmoja mwenye sauti ya chini, kama mtu aliyejifungia stoo.

"Kaka, nimesikia mnarekebisha."

"Ndiyo mkuu, si muda mrefu."

"Msiwe na haraka. Mkopo wangu una bima. Mwanachama akifariki, bima inalipa deni lililobaki. Niacheni marehemu mpaka Ijumaa, halafu mnifufue."

Dawa ilikuwa mstari mmoja: anotesheni ya kutaja jina kamili, iliyoelekezwa kwenye metodi ya kusoma. Wafu wakafufuka kabla ya chakula cha mchana. Yule wa bima nadhani hadi leo hajatusamehe.

Hiyo habari ya kuielekeza anotesheni nayo ina kisa chake. Katika Java ukibandika anotesheni juu ya uga, inakaa juu ya uga. Katika Kotlin mstari mmoja wa konstrakta ni vitu vingi kwa pamoja: ni kigezo cha konstrakta, ni uga, ni metodi ya kusoma. Kwa toleo tulilotumia, ukiandika @NotBlank bila kusema iende wapi, ilikwenda kukaa kwenye kigezo. Mkaguzi wa data, ambaye kazi yake ni kuzuia majina matupu, anakagua uga. Anafika, hakuti sharti lolote, anagonga muhuri. Kwa njia hiyo Saccos ikapata mwanachama asiye na jina. Alipewa namba ya uanachama na akatumiwa ujumbe wa kukaribishwa uliosomeka hivi: "Ndugu , hongera kwa kujiunga nasi." Lile pengo kabla ya mkato mhasibu alilizungushia kalamu nyekundu, akatuletea nakala iliyochapishwa, bila kusema neno. Tukaongeza "field:" mbele ya kila sharti, na kibao kingine kikaingia mtaani.

Wadhamini nao walitukamata. Kwenye Saccos yoyote Juma anamdhamini Asha, na Asha anamdhamini Juma, ndivyo ujirani unavyokwenda. Zile klasi za mstari mmoja alizozipenda bosi, data class kwa jina lake, zinajiandikia zenyewe metodi ya kujieleza kwa maneno. Jambo jema, mpaka uiambie logi iandike taarifa za Juma. Juma akaanza kujieleza: jina, namba, mdhamini wake Asha. Asha naye akaanza kujieleza: jina, namba, mdhamini wake Juma. Juma akarudia. Hawa watu wawili waliendelea kutambulishana mpaka kumbukumbu waliyotengewa ikajaa na seva ikatapika StackOverflowError. Mashine ya Java, isipoambiwa vingine, inakata orodha ya miito inayoambatana na kosa la namna hiyo kwenye mstari wa 1024. Tunaishukuru, la sivyo Juma na Asha wangekuwa bado wanasalimiana.

Siku hiyo Mzee wa Seva alifunga mlango wa chumba cha mikutano akatupa darasa lake pekee. Alisema wahenga walishamaliza: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ukienda kwenye kontena la Java na lugha inayofunga milango, ifungue milango. Na hakuna haja ya kuzunguka na open mkononi kama mtu anayepiga chapa ng'ombe. JetBrains wenyewe waliliona hilo mapema, ndiyo maana mwishoni mwa 2016, kwenye toleo la 1.0.6, walitoa plagini inayofungua yenyewe klasi zote zenye anotesheni utakazozitaja, pamoja na metodi zake, na nyingine ya kuzipa konstrakta tupu ambayo kontena na hifadhidata huitaka. Ni mistari michache kwenye faili la kuunda mradi. Kuhusu klasi zinazohifadhiwa kwenye hifadhidata, akasema, ziwe klasi za kawaida. Data class iachiwe taarifa zinazopita njia tu, zisizo na wadhamini wala ndugu.

"Ulijuaje yote haya, mzee?" aliuliza yule kijana wa vidole vyepesi.

"Sijui Kotlin hata kidogo," alijibu. "Ila kontena nimelisoma masharti yake. Ndiyo niliyokuwa nawauliza siku ile."

Baada ya hapo mambo yalitulia, na haki lazima itendeke: Kotlin ni lugha nzuri. Kompaila ilitubana tuseme wazi kila mahali panapoweza kuwa patupu, tukagundua wanachama waliostaafu zamani ambao mfumo wa Java ulikuwa unawatafutia kituo cha kazi kila mwisho wa mwezi na kuanguka kimyakimya. Msimbo unasomeka. Vijana wapya wanauelewa upesi. Bosi hajabandua karatasi zake ukutani, nasi tumeacha kuzitazama.

Kisha mwenye mali akabadilisha majina. Oracle, walioinunua Sun mwaka 2010, waliikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation mwaka 2017, lakini haki ya kuendeleza mambo mapya chini ya jina la javax hawakuitoa. Mwaka 2018 mradi ukaitwa Jakarta EE, na kwenye toleo la 9 la mwaka 2020 kila kifurushi chake kilichoanza na javax kikawa jakarta. Yule kijana akaomba apewe kazi hiyo, kwa kuwa ni ya kutafuta na kubadilisha tu. Alibadilisha kila javax aliyoiona, ikiwemo javax.sql, ambayo si ya Jakarta, ni ya Java yenyewe, na haikuhama. Mradi ukakataa kuundwa kuanzia faili la kwanza hadi la mwisho. Hapo Kotlin na Java walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyenusurika kwa ufupi wa mistari yake.

Basi nawageukia waandishi wenzangu wa programu, na mabosi wao. Lugha mbadala kwenye seva za makampuni si dhambi, na wala si anasa. Chagueni Kotlin, Scala, Groovy, au hiyo Mafia itakapotoka. Lakini msihesabu mistari mliyopunguza kabla ya kusoma kontena linataka nini kwenye klasi: iweze kurithiwa, iwe na konstrakta tupu, metodi zake zisifungwe, majina yake yasomwe kwa mila za Java. Jaribuni kwanza na huduma moja ndogo ambayo ikianguka hakuna mkopo wa mtu unaoguswa. Na kama ofisini kuna mtu mzima aliyewahi kuandika ejbPassivate tupu, mpeni nafasi azungumze kwenye kikao cha kwanza, kabla seva haijawashwa. Mshahara wake mnaulipa tayari.